sdb si jina: nilivyofuta harusi mbili kwa amri isiyo na kosa

Mwezi wa Shaaban studio ya ami yangu pale Chake Chake haina usingizi. Watu wanataka kuozesha kabla Ramadhani haijaingia, kila harusi ina video yake, na kila video inakuja na makumi ya gigabaiti kutoka kamera mbili tatu. Mimi kamera siiwezi. Mimi ndiye ninayeitwa kompyuta zikigoma, na ndiye niliyewawekea seva: kompyuta kongwe ya mezani yenye Debian (aina mojawapo ya Linux), na diski mbili za nje za USB, kampuni moja, ukubwa mmoja, rangi moja nyeusi. Moja ya kazi, moja ya bakapu.

Diski ya bakapu ilikuwa na safari zake. Ami ni mtu wa kuogopa moto na wezi, kwa hivyo Ijumaa asubuhi huichomoa akaenda nayo nyumbani Machomane, na Jumatatu huirudisha. Wazo zuri, na nilimsifu. Kosa lilikuwa langu, ndani ya faili la /etc/fstab, linaloiambia mashine diski ipi ifungukie folda ipi, nililoliandika siku ninayowahi boti ya kurudi Unguja:

/dev/sdb1  /kazi  ext4  defaults  0  2
/dev/sdc1  /bakapu  ext4  defaults  0  2

Hapo sdb1 ni sehemu (partisheni) ya kwanza ya diski iitwayo sdb, na ext4 ni mfumo wa mafaili, namna mafaili yanavyopangwa humo. Kisha nikapanga kwamba kuanzia Jumatatu hadi Alkhamisi, saa nane za usiku, mashine inakili yenyewe kwa programu ya rsync:

rsync -a --delete /kazi/ /bakapu/

Maana yake: fanya /bakapu ifanane na /kazi, na chochote kilichomo /bakapu ambacho /kazi hakipo, kifute. Ilikwenda hivyo miezi mingi bila shida.

Jumapili moja usiku umeme ukakatika, na UPS yenyewe betri ilishakufa zamani. Jumatatu vijana wa studio walikuwa na harusi Mkoani. Mmoja wao akapita jioni, akachomeka diski ya bakapu, akawasha mashine, akaona taa zote zinawaka, akafunga mlango akenda zake. Hakukosea hata kidogo. Ila mara hii kerneli, kiini cha mfumo kinachozitambua diski, ilikutana na diski ya bakapu kabla ya diski ya kazi. Iliyokuwa sdc ikawa sdb, iliyokuwa sdb ikawa sdc. Zote mbili ni ext4, zote zikapachikwa, yaani zikaunganishwa na folda, bila lalamiko. Saa nane za usiku rsync ikaamka, ikaichukua bakapu ya Alkhamisi kama ndiyo asili, ikaigeukia diski ya kazi na kufuta kila kilichoingia kuanzia Ijumaa. Harusi tatu.

Asubuhi ya Jumanne ami akanipigia. "Mwanangu, hizi harusi za juzi umezihamisha wapi?"

Kadi moja ya kamera ilikuwa bado haijafutwa, harusi hiyo ikapona. Zile mbili nikazipigania kwa PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, siku mbili mfululizo na nikaambulia vipande vya dakika chache chache, vingi havifunguki. Waliokwenda kuwaambia wenye harusi ni ami na mimi, kwa miguu yetu, na hayo sitaki kuyaeleza zaidi ya hapo.

Kilichoniuma, na ndicho kilichonifanya niandike, ni kwamba hakuna chombo kilichokosea. Amri ilikuwa sahihi. Mashine iliwaka vizuri. Angalau ingekataa kuwaka, ningepigiwa simu Jumatatu jioni, ningenung'unika, ningetengeneza. Lakini /dev/sdb1 haina uwezo wa kukataa. Yoyote itakayokaa nafasi ya pili, ndiyo hiyo.

Darasani kwetu skuli tulikuwa na kina Khamis watano. Mwalimu angesema "aliyeingia wa pili ndiye Khamis wa Wawi", siku mvua inanyesha na watu wanakuja mbio, ingekuwaje? Basi sda, sdb, sdc ni namba za kuingia darasani. Kerneli inawapa wanaofika, na inazikagua diski kwa pamoja, haisubiri moja imalize ndiyo iulize nyingine. Diski iliyochelewa kuzunguka, soketi tofauti ya USB, toleo jipya la kerneli, chochote kinaweza kupindua foleni. Hata diski za kisasa za NVMe, zinazoitwa nvme0n1 na nvme1n1, zinaweza kubadilishana. Na si jambo jipya: Debian 6 ilipotoka mwaka 2011, diski za zamani za IDE zilizokuwa zikiitwa hda zikageuka sda, na aliyekuwa ameandika jina la zamani kwenye mipangilio yake alilazimika kulibadilisha. Wakati wa kupandisha toleo, Debian yenyewe ilikuwa ikijitolea kukuandikia UUID badala yake. Mimi nilikuwa nimesoma hayo. Nilijua, nikapuuza kwa sababu ya boti.

Sasa UUID ni nini? Ni tarakimu na herufi 32 zenye vistari kati yake, zinazoandikwa ndani ya mfumo wa mafaili siku unapofomati partisheni. Ichukulie kama namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi: uhamie Wete, uhamie Makunduchi, ukae mbele au nyuma, namba ni ileile. Andika

sudo lsblk -f

na utaona kila partisheni na UUID yake. Nakili kwa kubandika, usiandike kwa mkono; herufi 32 ni nyingi kwa macho ya usiku. fstab ya studio leo inasomeka hivi:

UUID=7c1e0b54-93ad-4f2e-8a61-2d5b90c3e7f8  /kazi  ext4  defaults  0  2
UUID=e40a6d19-58c7-4b03-b1fe-06f7a2d98c35  /bakapu  ext4  defaults,nofail,x-systemd.device-timeout=10s  0  2

Hilo neno nofail lina faida na lina sumu. Faida: bila hilo, diski ya bakapu ikiwa Machomane na umeme ukakatika ukarudi, mashine itaisubiri sekunde 90 kisha itakutupa kwenye hali ya dharura, kioo cheusi kinachodai nywila ya root, na studio nzima inakusubiri wewe. Sumu: mashine ikiwaka bila ile diski, folda ya /bakapu bado ipo, tupu, juu ya diski ya mfumo. rsync haijui. Itaanza kumimina harusi humo mpaka diski ya mfumo ijae pomoni. Kwa hiyo kabla ya kunakili ninaweka mlinzi:

mountpoint -q /bakapu || exit 1

Kama hapajapachikwa kitu, ondoka. Mstari mmoja tu, na naona ni muhimu kuliko nusu ya mambo niliyojifunza kwa kulipia.

Ukishahariri fstab usikimbilie kuzima na kuwasha. Endesha findmnt --verify, itakuonyesha UUID isiyokuwepo au neno ulilolikosea. Kisha systemctl daemon-reload, kisha mount -a. Yakipita hayo bila kelele, ndiyo uwashe upya, na uwashe ukiwa umekaa mbele ya mashine. Mimi niliwahi kuwasha upya seva ya Chake nikiwa Mji Mkongwe, kwa kujiamini, na nikaisubiri irudi hadi nikatafuta tiketi.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Mwaka uliofuata nikaingia shimo jingine, na hili wengi wanaosifu UUID hawalisemi.

Diski ya mfumo ilianza kutoa mlio wa kugonga. Nikanunua SSD, nikainakili yote kwa dd, amri ya kunakili diski baiti kwa baiti, na ile ya zamani nikaiacha ndani ya kasha "kwa usalama". Wiki hiyo ami akaanza kulalamika kwamba daftari lake la madeni, analoliweka humo humo kwenye mashine, limeingia jini. Mtu kalipa Jumanne, kafutwa deni, Jumatano anadaiwa tena. Alkhamisi deni limefutika. Bibi mmoja aliyemaliza kulipa picha za mwanawe karibu amtolee ami maneno pale mlangoni.

Jini lilikuwa mimi. dd inanakili kila baiti, na UUID ni baiti kama nyingine. Nilikuwa na diski mbili zenye kitambulisho kimoja ndani ya kasha moja. Mashine inapowaka huulizwa "nitafutie yenye UUID hii", nayo inashika itakayoiwahi. Siku nyingine SSD, siku nyingine ile kongwe, kila moja na daftari lake la madeni. Kwa hiyo ukinakili diski nzima, ama uchomoe ya zamani papo hapo, ama ubadilishe kitambulisho cha mojawapo. Kwa ext4 ambayo haijapachikwa ni tune2fs -U random, kwa XFS, mfumo mwingine wa mafaili, ni xfs_admin -U generate. dd inarudufu pia vitambulisho vya partisheni zenyewe, PARTUUID. Kwa jedwali la partisheni la aina ya GPT, sgdisk -G huvizalisha upya. Baada ya hapo urekebishe fstab na uendeshe update-grub, inayoandika upya mipangilio ya GRUB, programu inayouwasha mfumo, la sivyo mashine itamtafuta mtu aliyebadilisha kitambulisho. XFS nayo naisifu kwa jambo moja: ikikuta wa pili mwenye UUID ileile inakataa kumpachika. Windows pia ikikuta diski mbili zenye saini moja huiweka ya pili kando. Wanajua kukataa.

Na kinyume chake: ukifomati upya, UUID ya zamani imekufa. Hata eneo la swap, sehemu ya diski inayosaidia kumbukumbu ya mashine. Niliwahi kulitengeneza upya kwa mkswap, nikasahau kwamba Debian inalikumbuka kwenye /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, na kila ikiwaka mashine ikawa inakaa kimya karibu nusu dakika ikilingojea. Nikadhani ni uzee wa mashine.

Wapo wanaopenda lebo kuliko UUID, na siwalaumu: LABEL=kazi inasomeka na binadamu. Lebo ni lakabu. Kama mtaani hakuna mwingine mwenye lakabu hiyo, mambo ni mazuri. Tatizo ni kwamba kila mtu huiita diski yake DATA, na siku mteja akileta diski yake ya DATA kuchukua video, mnakuwa na wawili. Ukitaka lebo, itoe ya ajabu kidogo, na kumbuka nafasi ni ndogo: herufi 16 kwenye ext4, 12 kwenye XFS, 11 kwenye FAT. Mimi natumia zote mbili. UUID kwa ajili ya mashine, lebo kwa ajili yangu ninapoangalia lsblk.

Kwa kazi za diski nzima, kufomati au dd, situmii UUID wala sdb. Naingia /dev/disk/by-id, ambako jina lina modeli na namba ya mfululizo (serial) iliyochapwa kwenye stika ya diski. Nasoma stika, nasoma kioo, vikilingana ndiyo nabonyeza. Tahadhari ni kwamba baadhi ya vikasha vya USB hutoa namba yao wenyewe badala ya ile ya diski iliyo ndani, na ukihamisha diski kasha jingine, jina linabadilika.

Kwenye GRUB huna haja ya kugusa sana, kwa kawaida inaandika root=UUID= yenyewe. Ila jua kwamba kerneli peke yake haiwezi kusoma UUID ya mfumo wa mafaili, inategemea initramfs, mfumo mdogo wa muda unaopakiwa mwanzoni, uisaidie. PARTUUID inaisoma yenyewe, na ndiyo sababu Raspberry Pi OS inatumia hiyo kwenye cmdline.txt. Unayetengeneza kifaa kidogo bila initramfs, chukua njia hiyo.

La mwisho ni kabetri. Kompyuta za zamani zinapochoka betri yake ya CR2032, umeme ukikatika tu hupoteza saa na mpangilio wa BIOS, pamoja na nani aanze kuwasha. Hapo unaweza kuwa na fstab ya dhahabu, na mashine ikang'ang'ania kuwaka kutoka diski ya bakapu isiyo na mfumo. Ukiona saa imerudi miaka ya nyuma kila umeme ukirudi, nenda kanunue betri kwanza.

Zile diski mbili nyeusi zipo hadi leo. Nimezibandika tepu nyeupe, KAZI na BAKAPU, na tarakimu nne za mwanzo za UUID chini yake. Ami akachukua kalamu ya maka, akaongeza kwa mkono wake juu ya ile ya pili: "Hii haendi kokote bila mimi." Na Ijumaa asubuhi bado anaondoka nayo.