Ukingoja Mei umechelewa: niliyojifunza kwenye vikao vya bajeti mtaani

Mara ya kwanza kwenda kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma nilivaa shati la kanisani. Ilikuwa Mei, ukumbi wa jamii huku Eastlands, Nairobi, viti vya plastiki na spika moja inayokoroma. Tangazo lilisema saa 3 asubuhi. Wenye kikao wakafika saa 5 na nusu. Tukapewa kitabu kinene cha bajeti, Kiingereza kitupu, nakala moja kwa benchi nzima. Kipaza sauti kiliponifikia nilimwaga uchungu wangu wote kuhusu mtaro unaofurika kila masika mpaka maji taka yanaingia jikoni. Watu wakapiga makofi. Afisa mmoja akasema, "Hilo tumelichukua." Tukanywa soda, tukatia sahihi kwenye orodha, tukaenda zetu.

Mtaro haukuguswa. Sahihi yangu ndiyo iliyofanya kazi: ilithibitisha kwamba umma umeshirikishwa.

Nilisusia vikao miaka miwili. Aliyenirudisha ni mzee wa ploti ya pili, karani mstaafu, ambaye siku moja alinisikiliza nikilalamika kisha akanicheka. "Kijana wangu, wewe unaagiza chakula watu wakiosha vyombo."

Alikuwa na maana hii. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1, lakini bajeti yake huanza kupikwa karibu mwaka mzima kabla. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kufikia Septemba 1 kaunti inatakiwa iwe imewasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka, na humo ndimo miradi inamotajwa. Kufikia Februari 28 unafuata waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha juu ambacho kila idara itapata. Makadirio yenyewe hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kwa hiyo ukisimama Mei kudai mtaro, unadai kitu ambacho sufuria yake imeshagawanywa. Mwakilishi wadi wako hata akikupenda vipi, akiongeza pesa mahali lazima apunguze kwingine, na huyo mwenye kupunguziwa naye ana watu wake ukumbini.

Ndiyo maana siku hizi mimi huanza kuulizia Julai na Agosti, watu wengine wakiwa bado wanazungumzia bajeti iliyopita. Naenda kwa msimamizi wa wadi, namuuliza kikao cha mpango wa mwaka ni lini. Mara nyingine anashangaa kwamba kuna mtu wa kuuliza.

La pili alilonifundisha mzee ni karatasi. Maneno ya ukumbini hutegemea kalamu ya yule anayeandika kumbukumbu, na kalamu hiyo huchoka mapema. Andika ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili ukipenda. Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hiyo asikutishe mtu. Taja mahali hasa: kutoka duka gani mpaka kona ipi, ploti ngapi zinaathirika, maji yanatoka wapi na yanazibwa na nini. Bandika picha. Kisha beba nakala mbili, moja uiache, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Mpokeaji akikuambia muhuri umefungiwa, keti kwenye benchi umngoje mwenye ufunguo. Mimi niliwahi kukaa mpaka saa 8 mchana, nikala njugu pale pale.

Ule muhuri ndio unaokupa nguvu ya kurudi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba habari kutoka kwa ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kumjibu. Niliandika kuuliza: mradi huu umo kwenye mpango au haumo, na umetengewa kiasi gani? Jibu la kwanza halikuja. La pili lilikuja fupi kama risiti, lakini lilikuwa na tarakimu, na mtu mwenye tarakimu hasikilizwi sawa na mwenye hasira.

Najua kuna watakaonikumbusha Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga kodi mpya na Mswada wa Fedha ukaondolewa. Sibishi. Ila kilichonigusa zaidi ni zile wiki za kabla, watu walipokuwa wakifafanua vifungu kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani, hata mama mboga akawa anajua kodi ya mkate inasemaje. Kazi hiyo inaweza kufanywa kwa bajeti ya wadi pia, ingawa haina msisimko wowote, na hakuna atakayekupiga picha.

Jambo moja bado linanitatiza: nani yuko ukumbini. Kikao cha Jumanne asubuhi kinawapata wastaafu, wanaotafuta tenda, na vijana wa mwanasiasa waliokuja na basi. Walinzi wa usiku wamelala, akina mama wako sokoni, mpangaji anaona ni mambo ya wenye ploti. Kule Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, eneo lilipotangazwa mwaka 2017 kuwa la mipango maalum, wakaazi walipangwa katika vikundi vidogo vya nyumba kuanzia chini. Sisi tumeiga kwa udogo wetu. Saa 2 usiku, langoni mwa ploti, mmoja anashika daftari. Kero la kwanza lililotajwa na akina mama halikuwa mtaro wangu hata kidogo. Lilikuwa mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaani, iliyozimika karibu na stendi, wanakopita saa 10 alfajiri kwenda kuchukua mboga. Niliona haya kidogo. Mtaro ukashuka hadi nambari 2.

Taa iliwaka mwaka uliofuata. Mtaro umechimbwa nusu, ukaishia mbele ya kanisa, na maji sasa yanafurikia hapo. Barua ya nusu iliyobaki niliipeleka Agosti. Nakala yenye muhuri iko kabatini, chini ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto.