Kuzalisha Mawimbi Mraba ya Masafa ya Chini: Ushauri kwa Wanaoanza

Wengi wanaojiunga na karakana za elektroniki hapa Kampala huanza kwa kuwasha na kuzima taa ya LED kwa amri ya delay(), inayosimamisha programu kwa muda, na taa inapometa hudhani kwamba wimbi mraba la hezi 1, yaani umeme unaowaka nusu sekunde na kuzima nusu sekunde, limekwisha kupatikana. Amri hiyo hupima muda wake yenyewe tu, na kila kazi nyingine iliyomo katika programu huongeza muda juu yake. Kipimajoto cha DS18B20, kikitumiwa kwa usahihi wa biti 12, huweza kuchukua hadi milisekunde 750 kutoa jibu, kwa hiyo programu inayolisubiri hufanya nusu sekunde yako kuwa zaidi ya sekunde nzima.

Kazi ya kuhesabu muda ikabidhi taima iliyomo ndani ya mikrokontrola, yaani chipu inayoendesha programu yako. Katika ATmega328P, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Arduino Uno R3 na huendeshwa kwa megahezi 16, Taima ya 1 ina biti 16, nayo inaweza kugeuza pini ya 9 yenyewe bila kusubiri programu. Ukichagua kigawanyi cha 256, yaani taima ihesabu mara moja kwa kila mapigo 256 ya saa ya chipu, nusu sekunde ni hatua 31,250 kamili. Lakini kwa kuwa taima huanza kuhesabu kutoka 0, rejista ya OCR1A, inayoshika namba ambayo taima ikiifikia hugeuza pini na kuanza upya, huandikwa 31,249. Fanya hesabu hii kwa kalamu kabla ya kugusa kompyuta, kwani anayenakili namba za mwenzake hukwama siku anapotakiwa kubadilisha masafa.

Hata kwa kigawanyi kikubwa kabisa, 1024, taima hiyo haishuki chini ya takriban hezi 0.12. Ukitaka hezi 0.1, acha mipangilio ya nusu sekunde kama ilivyo, iite katizo (yaani ikatize programu ili kazi fupi ifanyike) kila inapotimia, kisha geuza pini nyingine, si ya 9, baada ya makatizo 10. Amri ya tone(), ya kutoa sauti, haitakufaa hapa, maana mwisho wake wa chini ni hezi 31.

Umeme wa Uganda ni wa hezi 50, na kila anayeanza hutamani kutengeneza inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Masafa yenyewe ni rahisi: kigawanyi cha 8 na OCR1A ya 19,999. Ugumu uko kwenye transista mbili za kila upande, ambazo zikipitisha umeme kwa wakati mmoja huungua, hivyo lazima pawe na mwanya mfupi kati ya kuzima moja na kuwasha nyingine. Kwa maoni yangu kazi hiyo isubiri. Relei nayo, yaani swichi inayoendeshwa kwa koili ya umeme, isiunganishwe moja kwa moja kwenye pini. Iendeshwe kwa transista, na dayodi iwekwe sambamba na koili yake.

Unapopima kwa oskiloskopu, weka mlango wake kwenye mpangilio wa DC, kwani kwenye AC kapasita ya mlangoni huinamisha vilele vya wimbi la hezi 1 na kukufanya utafute kosa lisilokuwepo. Asiye na oskiloskopu aandike programu ihesabu mizunguko 3,600 ya wimbi la hezi 1, ambayo ni saa moja, kisha alinganishe na saa ya simu. Saa ya ATmega328P kwenye Uno hutegemea resoneta ya seramiki, kipande kinachotoa mapigo yake, ambayo ikikosea kwa asilimia 0.5 hupoteza au kuongeza sekunde 18 kwa saa moja. Tofauti ya kiasi hicho huondolewa kwa kutumia kristali ya kwatsi, si kwa kuandika programu upya.