Fundi, hita gani haitaniulia betri?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi niko Makete, na kama unavyojua huku mwezi wa sita na wa saba ni balaa, kuna asubuhi unatoka nje unakuta majani meupe kwa sakitu. Nguzo za umeme hazijatufikia, tunatumia sola, paneli mbili za wati 150, betri moja ya N200 na inveta ya wati 1000, taa na tivii na kuchaji simu havisumbui kabisa. Sasa nataka hita maana nina mtoto wa miezi minane na mama mkwe ambaye baridi inamkamata viungo. Dukani nimeonyeshwa mbili, moja ya nondo nyekundu wati 2000, nyingine ile yenye mapezi kama rejeta ina mafuta ndani, nayo ni wati 2000 ila muuzaji anasema hiyo inakula umeme kidogo na joto lake ni kubwa zaidi. Nichukue ipi? Mume wangu anasema tuachane na hayo tuendelee kuingiza jiko la mkaa chumbani. — Mama Kichanga, Makete

JIBU: Kamwene dada. Usichukue hata moja, na mkaa utoke chumbani leo hii hii, hilo nitalirudia.

Huyo muuzaji kakudanganya au na yeye kadanganywa. Hita ya umeme iwe ya nondo, ya feni, ya mafuta, wati 2000 zikiingia zinatoka wati 2000 za joto, basi. Ya mafuta inachelewa kupoa ukiizima, tofauti ndiyo hiyo. Tupige hesabu ya betri yako: volti 12 mara ile 200 ya N200 ni kama wati-saa 2400 (wati mara saa za kuwaka), na betri hizi za maji ya asidi ukizinyonya chini ya nusu kila siku hazikai, kwa hiyo mkononi una 1200. Hita ya wati 2000 inamaliza hiyo ndani ya nusu saa na kidogo, afu mnakaa gizani. Na hapo hata haitafika maana inveta yako ni ya 1000, itapiga kelele piiii na kuzima. Nasema hivyo kwa sababu yamenikuta, nilijifanya mjanja nikaweka nondo moja tu ya wati 1000 nikijua inveta itabeba, ndani ya wiki mbili betri ilikuwa imevimba ubavuni kama mkate, na waya wa betri ukiushika unaunguza.

Ukitaka hita ya wati 2000 iwake kwa muda wa saa tatu tu kila usiku unahitaji betri kama yako tano na paneli kama zako kumi na tatu hivi, na hapo ni jua zuri, sio ukungu wenu ule. Kuna eisi za kupasha joto ambazo kweli zinatoa joto karibu mara tatu ya umeme zinaokula, lakini hizo ni za mtu mwenye mfumo mkubwa, tuziache.

Sola iachie taa. Joto lichukue kwenye kuni, huko kwenu mipaini na miti ya miwati imejaa. Kilo moja ya kuni kavu ina kama wati-saa 4000 za joto, na jiko la chuma lililofungwa lenye mlango na bomba la moshi linakupa zaidi ya nusu ya hizo ndani ya nyumba. Yaani kilo mbili na nusu hadi tatu za kuni zinafanya kazi ya ile milima ya betri. Lile shimo la moto la ukutani la kizungu lisikudanganye, linapendeza kwa picha ila joto karibu lote linapanda na moshi. Mwambie fundi chuma asitumie pipa, linaungua likatoboka mapema, atumie bati nene, ndani apange tofali za kuchoma, na bomba lipite mgongo wa paa. Pale bomba linapotoboa paa ndipo nyumba zinapoungulia, mbao zikae mbali nalo kama nusu mita. Kuni zikae chini ya paa miezi sita au zaidi, kuni mbichi inatumia moto wake kujikausha kwanza halafu inakujazia masizi kwenye bomba.

Ila kabla ya jiko, una silingi bodi? Nadhani huna. Mkiamka mnadondokewa matone kutoka kwenye bati, si ndiyo? Hayo ni pumzi zenu, zinapanda na joto lenu zinagonga bati la baridi zinageuka maji. Weka silingi chumba mnacholala hata kama vingine vitasubiri. Alafu usiku wa upepo washa ubani, upitishe taratibu chini ya mlango na pembeni ya madirisha, moshi ukikimbilia ndani hapo ndipo pesa yako inapotokea, ziba kwa matambara. Acha tundu dogo la juu la hewa, hilo usizibe.

Mama mkwe mtafutie blanketi la umeme la mtu mmoja, yapo ya wati 60 hivi, mwashie kwa muda wa saa mbili kabla ya kulala, betri yako haitashtuka. Mtoto usimlaze kwenye hilo. Kitanda chake kipashe kwa chupa ya maji moto kisha uitoe ndipo umlaze.

Sasa shemeji. Mwambie mkaa ulioiva vizuri, usio na moshi, ndio unaoua watu, hewa yake haina harufu wala rangi, mtu analala haamki. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Mkiamka wote mnaumwa kichwa na kichefuchefu, tokeni nje kwanza, mengine baadaye, na muende hospitali.

SWALI: Mkuu, niko Lushoto, sola yangu ni ndogo, nataka maji moto ya kuoga lita 50, gizza, ile hita ya maji ya umeme, itafaa? — Wa Usambara

JIBU: Hapana mkuu. Kutoa lita 50 kutoka nyuzi 15 hadi 40 ni kama wati-saa 1500, sola ndogo utaikausha kwa watu wawili watatu kuoga. Chukua ile ya mirija ya vioo juu ya bati, inapasha kwa jua lenyewe bila umeme na baridi ya nje haiitishi sana, ila angalia tenki lake liwe juu ya bomba la kuogea na maji yenu yasiwe na tope, mirija inaziba. Na oga jioni, usisubiri asubuhi.