Mnaouliza Ulaya kukoje, anzeni na jina

Wajomba na mama wadogo wa Newala, Masasi hadi Lindi mjini, shikamooni. Msimu wa korosho ukianza swali lenu ni lile lile: Ujerumani maisha yakoje, na mbona waliofika huko hawatumi hela ya maana? Jibu halianzi na baridi. Baridi ina koti. Linaanza na jina.

Mtu akiitwa Saidi Hamisi Chitanda, la kwanza lake, la pili la baba, la tatu la babu. Mjerumani anashika la mwisho, anasema hilo ndilo la ukoo. Basi babu aliyezikwa Newala ndiye anayeandikiwa bili ya umeme Berlin! Na la ukoo silo: Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao ukoo tunahesabu kwa mama. Fomu haina nafasi ya kuyaeleza hayo, wala usijisumbue. La kuangalia ni majina yafanane herufi kwa herufi kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na pasipoti. "Saidi" huku na "Said" kule, kwa karani wa kule ni watu wawili. Rekebisheni mkiwa bado nyumbani, maana ukishaondoka kila karatasi inataka mtu wa kuihangaikia Dar.

Ukihamia nyumba una wiki 2 za kujiandikisha ofisi ya wakazi, na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba mkononi. Siku hiyo hiyo bandika jina kwenye sanduku la barua. Ghorofa nyingi hazina namba za vyumba, mtu wa posta anafuata jina tu. Sanduku likisema "Saidi" na bahasha ikisema "Chitanda", barua inarudi ilikotoka. Na serikali ya kule inaongea kwa barua. Ikija ya bahasha ya njano, ina tarehe iliyoandikwa juu: bahasha hiyo usiitupe. Siku za kupinga kilichoamuliwa humo zinahesabiwa tangu ilipotumbukizwa sandukuni, hata kama hujaifungua. Amri ya adhabu ya mahakama unaipinga ndani ya wiki 2, zikipita imekwisha. Wengi wanaoumia hawakuiba kitu. Waliogopa Kijerumani, wakazirundika barua juu ya friji.

Nyumba yenyewe nayo ina masharti. Wakati wa baridi fungua madirisha wazi kabisa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Ukisonga ugali na kuanika nguo humo humo umejifungia, mvuke unatulia ukutani, ukungu mweusi unaota, na amana yako, ambayo yaweza kuwa kodi ya miezi 3, inakatwa.

Mjusi wa Tendaguru mnayemuulizia, yule dinosaria wa kale aliyechimbwa kwetu Lindi, yupo Berlin, kasimama zaidi ya mita 13. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, mifupa ikabebwa na watu wetu kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani. Mjusi mwingine wa huko huko akaja kuitwa Australodocus bohetii mwaka 2007. Jina limelipwa baada ya miaka zaidi ya 90, mifupa bado.

Uraia ndio wenye mtego. Tangu Juni 2024 Ujerumani haidai tena uukane uraia wako wa kwanza. Lakini sheria yetu haijalegea: mtu mzima akichukua wa nchi nyingine, wa Tanzania umemtoka. Hadhi maalum inayozungumzwa kwa wenye asili ya Tanzania si uraia, hupigi kura nayo. Mwenye shamba la mikorosho aulize mwanasheria kabla ya kuapa.

Sasa hela. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Ukitoa kodi ya mapato, bima na pensheni, mtu asiye na ndoa anabaki na kama 1,600 kwa mwezi, na chumba cha mjini kinaweza kula 600. Mshahara huingia mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba hutakiwa ndani ya siku 3 za kazi za mwanzo. Ombi la hela ya salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, lifike tarehe 25. Likifika tarehe 15 linakuta sufuria imeshakwanguliwa.