Jibu: Hema la msafiri wa baiskeli na kambi ya Hell's Gate

Ndugu, kwa kuwa umeuliza ubebe hema gani na ulale wapi utakapoendesha baiskeli kwenda Naivasha, ningekushauri uchague hema jepesi la tabaka mbili, lisilozidi kilo 3, kwani usiku wa Bonde la Ufa huwa na baridi, na katika hema la tabaka moja mvuke wa pumzi hugeuka matone yanayolowesha blanketi. Fito zifunge kwenye fremu, usizining'inize kwenye usukani.

Hifadhi ya wanyama ya Hell's Gate, iliyo karibu na Naivasha, huruhusu baiskeli, nami naipenda mno kambi ya Naiburta iliyo humo: asubuhi utaona magenge mekundu ya miamba na pundamilia wakila majani. Chakula usikiache nje, maana nyani hupekua mifuko.