Unadkat hakupoteza miaka 12

Mkuu uliyeuliza kama Jaydev Unadkat, mrushaji wa kriketi wa India, "alipotezewa muda" kwa kukaa miaka 12 bila kucheza Testi (mechi za kimataifa za siku tano), jibu langu ni tofauti na la waliotangulia. Nimerusha mpira wa kasi ya wastani kwenye ligi ya Dar misimu kadhaa, pamoja na vijana ambao babu zao walitoka Kathiawar, rasi ya Gujarat ambako timu ya Unadkat, Saurashtra, inatoka. Matokeo ya Saurashtra kwetu ni kama ya Simba na Yanga.

Desemba 2010, Centurion, Afrika Kusini. Kijana wa Porbandar, miaka 19, anakabidhiwa mpira dhidi ya wenyeji. Anapigwa mikimbio (alama) 101, wiketi hakuna, yaani hakumtoa mpigaji hata mmoja. Wakamweka kando. Testi yake ya pili ikaja Desemba 2022 kule Mirpur, Bangladesh, India ikiwa imecheza Testi 118 bila yeye. Wengi huishia hapo na kusikitika.

Sasa tazama kazi aliyokuwa akiifanya. Uwanja wa nyumbani wa Saurashtra ni Rajkot, na pichi yake (ukanda mpira unapodundia) ni ya wapigaji: Pujara na Jadeja, wenzake wa Saurashtra, wote wamevuka mikimbio 300 pale katika zamu moja ya kupiga. Mrushaji wa kasi hasaidiwi na ardhi. Mimi nikirusha juu ya mkeka uliotandikwa kwenye pichi, ova (mafungu ya mipira sita) za mwanzo mpira mpya unapinda wenyewe, najiona bingwa. Baadaye mshono wa mpira unalala, vidole vinateleza kwa jasho, mpigaji ananisubiri tu. Kazi hasa inaanzia hapo: kuudondosha palepale, mshono wima, ova baada ya ova, mpaka achoke yeye. Unadkat hana kasi ya kutisha. Ana mkono wa kushoto, kifundo kinachotulia nyuma ya mpira, na subira. Kwa silaha hizo tu alichukua wiketi 67 katika Ranji (ubingwa wa ndani wa India wa mechi za siku kadhaa) ya 2019-20, nyingi kuliko mrushaji yeyote wa kasi kwa msimu mmoja. Rekodi ya awali ilikuwa 62 za Dodda Ganesh.

Fainali ya msimu huo, Machi 2020, ilikuwa Rajkot dhidi ya Bengal. Mechi ikiisha sare, bingwa ni aliyeongoza zamu ya kwanza. Siku ya mwisho Bengal walihitaji mikimbio 72 tu kuongoza, wakiwa wamebakiwa na wiketi nne. Nahodha Unadkat akamtoa mpigaji Majumdar kwa mpira uliomgonga mguu mbele ya vijiti vya wiketi, kisha Akash Deep akazubaa nje ya mstari wa mpigaji, akamtoa naye. Taji la kwanza kwa jina la Saurashtra! Mwaka 2023 wakalibeba tena, uwanja wa Eden Gardens, Kolkata, mbele ya Bengal walewale.

Kwenye hela nakubaliana na wanaolalamika. Mnada wa 2018 wa IPL, ligi ya India ya mechi fupi ambamo mrushaji hupewa ova nne tu, klabu ya Rajasthan Royals ilimnunua kwa rupia milioni 115. Ranji, hata baada ya nyongeza ya 2021, mkongwe wa mechi zaidi ya 40 hupata rupia 60,000 kwa siku. Ova nne za jioni zinalipa kuliko siku nne juani.

Ukitaka wa kumsikitikia, yupo Pankaj Singh wa Rajasthan: wiketi zaidi ya 400 za Ranji, Testi mbili tu, zote Uingereza 2014, na kwenye ya kwanza alitoka mikono mitupu. Huyo mfungulie uzi, nitachangia.