Mgeni wa harusi Amu, fuata adhana na maji

Wiki hii mmetuuliza sisi wa visiwani: mgeni akija kwenu kwa harusi, mtamwambia aende wapi, ale nini na ajihadhari na nini? Mimi ni mtu wa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, na misimu ya harusi nyumba yetu hujaa jamaa kutoka Mombasa, Nairobi na hata Maskati. Jibu langu ni hili: saa ya mkononi iacheni, fuateni adhana na maji, yaani kujaa na kutoka kwa bahari. Mwenye kuyajua hayo mawili atahudhuria kila shughuli na bado atapata nafasi ya kutembea. Asiyeyajua atakuwa ufuoni Shela anaota jua wakati bwana harusi anaozwa.

Kwanza kufika. Ndege hutua Manda, ng'ambo ya mkondo, na wa basi hushuka Mokowe; wote humalizia kwa boti. Barabara ya kupitia Garsen na Witu siku hizi ni lami, lakini vizuizi vya polisi vipo, kwa hivyo safirini mchana na kitambulisho kikae mfukoni, si ndani ya sanduku lililolaliwa na masanduku ya watu kumi. Gatini vijana watashika mizigo yenu kabla hamjawaomba. Ulizeni bei kwanza, kisha mcheke nao. Na mkiwa vichochoroni, mkisikia "Simile!" nyuma yenu, jibanzeni ukutani wala msigeuke kutazama. Punda aliyebebeshwa mawe ya kujengea hana breki.

Kulala, wengi hupelekwa Shela kwa sababu ya ufuo. Mimi nasema laleni mjini kama harusi ni ya mjini. Shughuli za wanawake huisha usiku mkubwa, na saa hizo boti ni chache na bei yake si ya mchana. Kutembea kwa miguu ni kama kilomita tatu kando ya bahari, mwendo mzuri sana maji yakiwa yametoka. Maji yakijaa, hasa siku za bamvua, sehemu ya njia humezwa, na nguo ya harusi italoa hadi magotini. Muulize nahodha yeyote gatini maji yanajaa saa ngapi. Atakujibu bila kutazama popote.

Sasa harusi yenyewe. Kadi ikisema nikaha ni baada ya Alasiri, hiyo ni ahadi ya kweli, kwa kuwa swala haimngoji mtu. Wanaume wavae kanzu na kofia, na asiye na kanzu avae shati la mikono mirefu, suruali na kofia ya kuazima. Baada ya ndoa kufungwa huja halua na kahawa chungu kwa vikombe vidogo, mtu anapita na mrashi akiwanyunyizia marashi viganjani, mwingine na chetezo cha udi. Usikatae. Kinga viganja, jipake usoni na nguoni, endelea na mazungumzo yako.

Karamu huliwa kwa sinia, watu wanne au watano kwenye mkeka mmoja. Wageni wa bara hapa hupata kiwewe, kumbe taratibu ni chache: birika likija, osha mikono, kula kwa mkono wa kulia, usivuke upande wako wa wali. Nyama iko katikati, na si ya kuvamiwa. Mkubwa wenu ataichambua na kusukuma vipande mbele ya kila mmoja, na mgeni ndiye atakayepewa kinono. Ukishiba, usiinuke haraka, maana wenzako wataona haya kubaki wakila. Chezea chezea tonge zako mpaka wote wamalize.

Kwa wanawake, usiku wa kupamba, bibi harusi akionyeshwa amepambwa, ndio harusi. Kadi ikiandikwa saa mbili usiku, nendeni saa tatu na nusu na bado mtapata viti vya mbele. Mlangoni mtakutana na mama mmoja mkali mwenye kikapu, kazi yake kukusanya simu. Usibishane naye. Ndani kule mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, na hakuna anayetaka uso wake uzunguke kwenye simu za wanaume asiowajua. Aliyealikwa huombwa aone kwa macho, basi. Bebeni noti ndogo ndogo za kumtuza bibi harusi na waimbaji, na mkipewa kikuba cha asumini kivaeni usiku uleule, kwa sababu asubuhi kimeshanyauka. Wanaume nao huenda wakabahatika kuona kirumbizi, ule mchezo wa fimbo. Simameni mbali kidogo, fimbo hazichagui mwenyeji wala mgeni.

Hina pakeni mapema, siku mbili kabla. Mchoraji mzuri huwa na miadi na nusu ya mji wiki ya harusi.

Katikati ya shughuli kuna nafasi nyingi, na hapo ndipo wageni huzubaa. Asubuhi amkeni mapema, mle mahamri na mbaazi za nazi kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kabla jua halijapanda, kisha ingieni Ngome. Ilimalizwa 1821, ikawa gereza kwa miaka mingi, na ukiwa juu ya kuta zake unauona uwanja wa Mkunguni wote na wazee wanaobishana chini ya miti. Jumba la makumbusho liko ufuoni, hatua chache, nalo ni la lazima kwa kila mtu anayetaka kujua kwa nini sisi ni wagumu kuhusu milango na viti vyetu. Mji mkongwe huu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini watu wanaishi humo, kwa hivyo baraza ya mtu si mahali pa kupigia picha kabla ya kubisha hodi.

Kama mna siku moja tupu, nendeni Takwa, kisiwani Manda. Ni magofu ya mji ulioachwa karne ya 17, wenye msikiti na kaburi la mnara ambalo watu wa Shela bado hulizuru kwa dua. Mashua huingia kwa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na hupita maji yakijaa tu. Nahodha akiwaambia "tutoke sasa," tokeni. Mkikawia kupiga picha, mtakaa matopeni mpaka maji yarudi, na nikaha ni baada ya Alasiri. Matondoni, kwa mafundi wa mashua, ni pazuri pia, ila pawekeni safari nyingine.

Shela nendeni asubuhi moja, muogelee, mvae mavazi yenu ya kuogea hukohuko ufuoni na mjifunge leso kabla ya kurudi mjini. Vilima vya mchanga vya huko msivichezee. Mvua inayozama humo ndiyo maji ya visima tunayokunywa mji mzima.

Adhuhuri mpaka Alasiri laleni, kama sisi. Jioni tokeni pwani ya mji mle viazi vya karai na mishkaki kwa maji ya ukwaju. Kinywaji kikali hakiuzwi ovyo hapa, na chupa mkononi njiani itamwaibisha mwenyeji wenu zaidi yenu.

Zawadi: pesa kwenye bahasha hutosha, na jina lako juu yake, kwa kuwa kuna shangazi atakayeandika kila kitu daftarini ili kwenye harusi yenu nanyi mlipwe. Leso nzuri kwa mama wa bibi harusi huongeza heshima. Zichukueni hapahapa Usita wa Mui. Kofia ya kushonwa kwa mkono iagizeni mapema, humchukua fundi wiki nyingi.

Na harusi ikiangukia Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha yanayojaza mji wageni, shikeni vyumba mara tu mkipata kadi. Wakati huo hata sisi wenyeji hulala sebuleni.